OK: Herufi Mbili na Mvutano Mrefu Kuhusu Asili Yake

Na Mwandishi Maalumu

*Neno linaloeleweka karibu kila pembe ya dunia liliingia maandishini kwa mzaha wa gazeti moja la Boston, lakini wapo wanaoshikilia kwamba mizizi yake iko Afrika Magharibi. Makala haya yanapima ushahidi wa pande zinazovutana, na sababu za mvutano huo kuwa na uzito hadi leo.*

Katika toleo la tarehe 23 Machi 1839 la gazeti la Boston Morning Post, lililochapishwa katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mhariri Charles Gordon Greene aliandika habari fupi ya kumtania mhariri mwenzake wa mji wa Providence kuhusu safari ya wanachama wa chama kimoja cha mzaha kilichojishughulisha na suala la upigaji wa kengele, na katikati ya utani huo akaweka herufi mbili, o na k, akazifuatishia maneno ya Kiingereza yenye maana ya “yote sahihi”.

Hayo ndiyo maandishi ya kale zaidi ya neno OK ambayo wanaisimu wengi wanayakubali. Kwamba mhariri aliona haja ya kuzifafanua herufi hizo mara tu baada ya kuzitaja ni dalili kwamba hakutarajia kila msomaji azielewe. Hata hivyo, kabla mwaka huo haujaisha, magazeti ya miji mingine yalikuwa yamekwisha kuziiga, na leo OK hutumiwa hata na watu wasioweza kuunda sentensi moja kamili ya Kiingereza.

Neno lililoenea kiasi hicho halikosi wa kulidai. Wachoctaw, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika, Waskoti, Wagiriki, Wajerumani, Wafaransa na wasemaji wa lugha za Afrika Magharibi wote wametajwa kuwa wenye neno, kila mmoja kwa hoja yake.

Kati ya madai hayo, lile la Afrika lina uzito wa pekee, kwa kuwa linagusa swali la nani anatambuliwa kuwa alichangia kuijenga lugha ya Marekani na nani amefutwa katika kumbukumbu zake.

Neno moja, kazi nyingi

Kabla ya kuutazama mgogoro wa asili, inafaa kuona upana wa matumizi, kwa sababu ni upana huo unaofanya kila jamii ione katika OK kitu kinachofanana na neno lake yenyewe.

Katika sarufi ya Kiingereza, neno hili hutumika kama kivumishi, kielezi, nomino, kitenzi na kihisishi, yaani neno linalosimama peke yake kuonyesha mwitikio au hisia ya msemaji. Aliyeanguka barabarani huulizwa kama yuko OK, kwa maana ya kutoumia. OK ya mkurugenzi ni idhini yake. Na mkurugenzi huyo anapoitia saini hati, Kiingereza husema kwamba ame-OK hati hiyo.

Maana zenyewe hazina kipimo kimoja. Daktari anayesema kwamba vipimo vya mgonjwa viko OK ametoa habari njema, lakini mgeni anayeulizwa chakula kilikuwaje akajibu kwamba kilikuwa OK amekinyima sifa kwa adabu, kwa kuwa amesema tu kwamba kililika.

Allan Metcalf, Mmarekani mtaalamu wa leksikografia, yaani taaluma ya utungaji wa kamusi, aliandika kitabu kizima kuhusu neno hili mwaka 2010, na humo akaeleza kwamba nguvu yake kubwa iko katika kuthibitisha jambo bila kulitathmini. Anayejibu OK ameonyesha kwamba ameupokea ujumbe au ameukubali mpango, lakini hajasema kama unampendeza.

> OK hulikubali jambo bila kulisifu, na ndiyo maana humfaa anayeafiki kwa moyo mmoja na anayeafiki shingo upande.

Ipo pia kazi ambayo kamusi za zamani hazikuizingatia sana, nayo ni ile ya kuongoza mazungumzo. Mwalimu anayemaliza sehemu moja ya somo husema OK kabla ya kuingia sehemu nyingine, na mtu anayetaka kukata simu hulirudia mara mbili au tatu ili mwenzake ajue kwamba maongezi yanafikia tamati. Hapo neno halielezi ukweli wala ubora wa kitu chochote, bali hupanga zamu za wasemaji.

Kiswahili huzigawanya kazi hizo kwa maneno kadhaa. Kuafiki ni kazi ya “sawa”, kufungua au kufunga hatua ya maongezi ni kazi ya “haya”, usalama wa mtu hutajwa kwa “salama” au “mzima”, sifa ya wastani kwa “si haba” au “si mbaya”, na ruhusa kwa “kuidhinisha”. Pamoja na utajiri huo, “oke” na “okei” husikika kila siku mijini, aghalabu zikiongezwa kwenye “sawa” badala ya kuiondoa.

Mtindo wa vifupisho

Tukirudi Boston, kifupisho cha Greene hakikuanguka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1838 magazeti ya mji huo yalikuwa yamekumbwa na mtindo wa kufupisha misemo kwa herufi za mwanzo, kama ilivyokuwa kwa O.F.M., kifupisho cha maneno yenye maana ya “waheshimiwa wetu wa tabaka la kwanza”.

Mtindo ukazidi kukolea pale waandishi walipoanza kufupisha maneno waliyoyaharibu tahajia kwa makusudi. O.W. ilitokana na “oll wright”, upotoshaji wa msemo wenye maana ya “yote yako vyema”, na K.Y. ilitokana na “know yuse”, yaani “haina faida”, ambayo kwa tahajia sanifu isingeanza na herufi K wala kuwa na Y.

OK ilikuwa katika kundi hilo. Kirefu chake kilikuwa “oll korrect”, badala ya tahajia sanifu ambayo maneno yake huanza kwa A na C, kwa hiyo ucheshi wake ulikuwa katika kutangaza kwamba kila kitu ni sahihi kwa kutumia herufi mbili ambazo zote mbili si sahihi.

Aliyeufukua mtindo huo kutoka kwenye kurasa zilizosahaulika alikuwa Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1941 alichapisha ushahidi wake wa kwanza uliolihusisha neno na uchaguzi wa mwaka 1840, kisha mwaka 1963 na 1964, katika mfululizo wa makala kwenye jarida la American Speech, akarudi nyuma hadi mwaka 1839 na kuonyesha, kwa tarehe na majina ya magazeti, jinsi vifupisho hivyo vilivyozuka na kusambaa.

> Mzaha wa Boston ulikuwa kutangaza usahihi kwa herufi mbili zisizo sahihi.

Uchaguzi uliookoa mzaha

Vifupisho vingi vya wakati huo vilikufa pamoja na mtindo uliovizaa, na OK ingeweza kuvifuata kaburini kama si siasa za mwaka uliofuata. Rais Martin Van Buren, aliyekuwa akigombea muhula wa pili kwa chama cha Democratic, alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, jina ambalo herufi zake za mwanzo zililingana kabisa na kifupisho kilichokuwa midomoni mwa watu.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1840 wafuasi hao walianzisha mjini New York klabu iliyoitwa O.K., wakalifanya neno hilo kuwa ukelele wa mikutanoni na wa mapambano ya mitaani dhidi ya wapinzani wao wa chama cha Whig. Kwao herufi zilikuwa na maana mbili kwa mpigo, kwamba mgombea ni Mzee wa Kinderhook na kwamba mambo yake yote ni sahihi.

Wapinzani hawakukaa kimya. Waligeuza herufi hizo kuwa vifupisho vya maafa na ufukara, na magazeti yao yakaeneza hadithi kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na aliyekuwa mlezi wake wa kisiasa, hakujua tahajia kiasi kwamba aliidhinisha hati kwa kuandika OK, akidhani ndizo herufi za kwanza za maneno yenye maana ya “yote sahihi”.

Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno likatoka uchaguzini likiwa na nguvu kuliko lilivyoingia. Hadithi ya Jackson, ingawa ilibuniwa kwa kejeli, iliwapa watu wazo la kutia OK kwenye hati kama alama ya kuzipitisha, na muda si mrefu wakawa wanafanya hivyo kweli.

Kutoka waya wa telegrafu hadi kompyuta

Teknolojia ikamalizia kazi iliyoanzwa na siasa. Waendeshaji wa telegrafu, mtambo wa kupeleka ujumbe kwa mapigo ya umeme kupitia waya, walihitaji ishara fupi ya kuthibitisha kwamba ujumbe umefika, na katika karne ya 19 OK ikakubalika kwa kazi hiyo, hasa katika mawasiliano ya reli, ambako kutoelewana kungeweza kugonganisha magari moshi.

Mwaka 1961, Alan Shepard alipokuwa Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, msemaji wa shirika la NASA, John Powers, aliwatangazia waandishi kwamba kila kitu kilikuwa A-OK, na aina hiyo iliyotiwa chumvi ikaingia katika lugha ya kawaida.

Kompyuta nazo zililihitaji. Wahandisi wa kampuni ya Apple walipokuwa wakiitayarisha kompyuta ya Lisa, iliyoingia sokoni mwaka 1983, kitufe cha kuthibitisha amri kilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya “fanya” yaliyoandikwa pamoja. Mmoja wa watu walioijaribu programu akayasoma kuwa neno moja lenye maana ya “mpumbavu”, akauliza kwa hasira kwa nini mashine inamtukana, ndipo wahandisi wakaweka OK.

Ishara ya mkono inayoambatana na neno, ile ya kidole gumba na cha shahada kufanya duara, haikupata maana moja kama kitufe cha kompyuta. Wapiga mbizi huitumia chini ya maji kwa sababu kuinua kidole gumba kwao ni taarifa ya kupanda juu. Nchini Japani huweza kumaanisha fedha. Na nchini Brazil ni tusi.

Mwaka 2019 shirika la Marekani la Anti-Defamation League, linalofuatilia chuki dhidi ya Wayahudi na makundi mengine, liliiingiza ishara hiyo katika orodha yake ya alama za chuki, baada ya mzaha ulioanzia intaneti mwaka 2017 kugeuzwa na baadhi ya wafuasi wa ubaguzi wa rangi kuwa alama yao ya kweli, huku shirika lenyewe likitahadharisha kwamba mara nyingi anayeionyesha huwa na nia ya kawaida tu.

Wadai wengi, tarehe chache

Madai mengi kuhusu asili ya OK huanguka katika kile ambacho wataalamu wa etimolojia, yaani taaluma ya asili ya maneno, hukiita maelezo ya kubuni baada ya tukio: neno linakuwapo kwanza, kisha watu wanatafuta kitu kinachofanana nalo na kukitangaza kuwa chanzo.

Wagiriki wana “ola kala”, yenye maana ya “yote ni mazuri”, na Waskoti wana “och aye”, yenye maana ya “ndiyo hasa”. Wengine hutaja ramu ya bandari ya Les Cayes nchini Haiti, na wengine maboksi ya biskuti za wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambavyo vilianza mwaka 1861, wakati neno lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20 magazetini.

Dai la Kichoctaw lilikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa lugha hiyo ina kiambajengo cha kukazia ambacho wamisionari wa mwanzoni mwa karne ya 19 walikiandika “okeh”, kwa maana ya “ndivyo ilivyo”. Rais Woodrow Wilson alilisadiki dai hilo hata akawa akiidhinisha hati kwa tahajia ya “okeh”, na kamusi maarufu za Marekani ziliwahi kulitaja kama asili inayowezekana.

Upungufu wake ni kwamba hakuna maandishi yanayoonyesha njia ambayo neno hilo lilipitia kutoka Mississippi na maeneo jirani, walikoishi Wachoctaw, hadi katika chumba cha habari cha Boston.

Hata hati za kale huweza kudanganya. Wanahistoria wa karne ya 19 waliosoma kumbukumbu ya mahakama ya Sumner, Tennessee, ya mwaka 1790, walidhani wameona Andrew Jackson, wakati huo mwanasheria kijana, akithibitisha hati ya mauzo iliyotajwa kuwa O.K., lakini uchunguzi wa mwandiko ulionyesha kwamba herufi zilikuwa O.R., kifupisho cha agizo la kuiandikisha hati.

Hoja ya Afrika Magharibi

Mwaka 1969 David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi katika Chuo Kikuu cha London, alitoa hoja kwamba maneno kadhaa yanayohesabiwa kuwa ya Kimarekani yana mizizi ya Kiafrika, na OK ilikuwa miongoni mwake.

Alionyesha kwamba katika Kiwolofu, lugha ya Senegal na Gambia, “waaw” ni “ndiyo” na “kay” ni kiambajengo cha kukazia, kwa hiyo maneno hayo mawili pamoja humaanisha “ndiyo hasa”. Na kwamba lugha za kundi la Mande, kama vile Kimandinka, zina usemi unaokaribiana nayo kwa sauti na kwa maana.

Dalby hakutegemea sauti peke yake. Alitaja kitabu cha safari za J. F. D. Smyth cha mwaka 1784, kinachomnukuu mtumwa wa North Carolina akianza jibu lake kwa “kay”, na shajara ya mwaka 1816 kutoka Jamaika yenye tamko linalosikika kama “oki” kinywani mwa mtu Mweusi, mifano ambayo yote inautangulia mwaka 1839.

> Mifano ya Dalby inautangulia mwaka 1839. Mabishano ni kama inamaanisha kile anachodai.

Jibu lenye uzito lilitoka kwa Frederic Cassidy, aliyezaliwa Jamaika, akashiriki kutunga kamusi ya Kiingereza cha kisiwa hicho iliyochapishwa mwaka 1967, na kuwa mhariri mkuu wa kamusi ya lahaja za Kiingereza cha Marekani. Mwaka 1981, katika jarida lile lile la American Speech, aliuliza kama kweli OK ni ya Kiafrika, na baada ya kuipima mifano yote akahitimisha kwamba ushahidi hautoshi.

Wanaouunga mkono msimamo huo wana hoja nne. Kwanza, matamko yaliyonukuliwa Jamaika na North Carolina yanasomeka kama vihisishi vya mshangao, wala si vya kuafiki. Pili, kati ya mifano hiyo na gazeti la Boston hakuna kiungo hata kimoja, ilhali kifupisho cha gazeti hilo kina ndugu zake wa mtindo ule ule, wa mji ule ule na wa miezi ile ile. Tatu, gazeti lenyewe lilitaja kirefu cha kifupisho chake.

Hoja ya nne ni ya kanuni za taaluma. Maneno mafupi yenye silabi moja au mbili hufanana kwa bahati katika lugha nyingi, na kufanana huko hakuwi uthibitisho mpaka kuambatane na tarehe, mahali, na watu walioweza kulipokea neno na kulipitisha. Wagiriki na Waskoti wanakataliwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Kinachobishaniwa hasa

Wanaolitetea dai la Afrika hujibu kwamba kanuni hiyo, ingawa ni ya haki kwa maandishi, haikuundwa kwa ajili ya watu walionyimwa kuandika. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilimtoza faini yeyote aliyemfundisha mtumwa kuandika, na North Carolina mwaka 1830 ikakataza kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Usemi wao ulihifadhiwa tu pale mtu mwingine alipoona unafaa kunukuliwa, mara nyingi kwa kejeli.

Hati ile ya Tennessee ya mwaka 1790 ni ushahidi wa hali hiyo kuliko ilivyo ushahidi wa OK, kwa kuwa bidhaa iliyouzwa ilikuwa mwanamume Mweusi, na sentensi inayowataja muuzaji na mnunuzi kwa majina yao kamili humtaja yeye kwa rangi na jinsia peke yake.

Hoja hiyo ni nzito, lakini inathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kumbukumbu zina mapengo. Pengo haliwezi kujazwa kwa neno lolote analolipenda mtafiti, kwa kuwa likijazwa hivyo litawafaa Wachoctaw, Wagiriki na Waafrika kwa kiwango kile kile.

Njia iliyo salama ni kuyatenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Swali la kwanza ni mahali ilipotoka OK ya maandishi, nalo limejibiwa na Read kwa tarehe na kurasa. Swali la pili ni kama wasemaji wenye asili ya Afrika, waliokuwa na matamko yao yanayokaribiana na neno hilo, walisaidia kulieneza baada ya kuzaliwa kwake; jambo hilo linawezekana, na wanaisimu wanatambua kwamba neno linaweza kupewa nguvu na vyanzo zaidi ya kimoja, lakini hadi sasa halijathibitishwa.

Mchango wa Afrika katika Kiingereza cha Marekani, kwa vyovyote, hautegemei neno hili moja. Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani Mweusi, mwaka 1949 alichapisha utafiti kuhusu Kigullah, lugha ya watu wa pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia, akionyesha maneno mengi na majina mengi ya watu yaliyotoka Afrika.

Miongoni mwa maneno yanayokubalika ni “goober”, jina la karanga katika majimbo ya kusini, linalotokana na “nguba” ya Kikongo, na “gumbo”, mchuzi mzito wa Louisiana ambao jina lake hurejeshwa kwenye neno la Kibantu la bamia lenye umbo la “kingombo”. Maneno hayo yana sauti, maana, watu walioyaleta na njia yaliyopitia, na kila kiungo kinaweza kuonyeshwa.

Funzo kwa watafiti wa Kiswahili

Mvutano kuhusu OK unawahusu pia wanaokishughulikia Kiswahili, lugha ambayo nayo ina maelezo mengi ya asili ya maneno yanayotegemea kufanana kwa sauti. Jina la Bagamoyo hufasiriwa kuwa “bwaga moyo”, lakini wengine husema ni furaha ya wapagazi waliotua mizigo baada ya safari ndefu ya bara, na wengine kwamba ni majonzi ya watumwa walioiacha nchi yao. Fasiri zote mbili zinaafikiana na umbo la jina, na kuafikiana huko hakuthibitishi hata moja.

Kamusi za Kiswahili zilizo mikononi mwa wasomaji wengi hutaja lugha ambayo neno limetoka, kama Kiarabu, Kiajemi, Kireno, Kihindi au Kiingereza, lakini hazionyeshi mwaka ambao neno lilionekana kwanza katika maandishi, jambo ambalo ndilo lililomaliza ubishi mwingi kuhusu OK.

Malighafi ya kazi hiyo ipo. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ilichapishwa mwaka 1882, jarida la Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888, na Mambo Leo ilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na juu ya hayo kuna barua na tenzi kwa hati za Kiarabu zilizotangulia machapisho yote hayo, ambazo tarehe zake zinahitaji uchunguzi makini zaidi.

Read hakuwa na mtambo wa kumtafutia maneno. Alisoma magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa, akinakili kila mfano pamoja na siku yake. Faharasa ya namna hiyo kwa miaka kumi ya mwanzo ya Mambo Leo ingewapa watunga kamusi tarehe za maneno ya usafiri, kodi, utawala na biashara yaliyokuwa yakikomaa wakati huo, na ingempa mtafiti wa kesho jibu la kumpa yeyote atakayelidai neno kwa kufanana kwa sauti peke yake.